Je, Mkubwa wa Kazi Hufanywa na Cheti au na Kazi?

Wasomaji wapenzi, swali tunalolileta mbele yenu safari hii si geni. Huulizwa barazani hapa Kibiti, huulizwa gatini Nyamisati watu wakingoja maji yajae, na huulizwa nyumbani kila kijana anaporudi na bahasha yake ya vyeti baada ya kukosa nafasi. Swali lenyewe ni hili: mtu apandishwe kuwa mkubwa wa kazi kwa sababu gani? Kwa sababu amesoma sana, au kwa sababu ameifanya kazi kwa muda mrefu?

Kwa maneno "mkubwa wa kazi" twakusudia mtu ambaye neno lake huwa la mwisho: mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, meneja mkuu wa shirika, mkuu wa chuo, mganga mkuu wa wilaya. Matangazo ya nafasi za namna hiyo siku hizi hutaja mambo mawili karibu kila mara. La kwanza ni shahada, na mara nyingi shahada ya pili juu yake. La pili ni uzoefu wa miaka kadhaa. Mtu akisoma haraka ataona kwamba ubishi umekwisha, maana vyote viwili vimetakiwa. La hasha, haujakwisha. Vimetakiwa, lakini havikuelezwa. Elimu ya nini? Uzoefu wa kufanya nini? Na kwa faida ya nani? Hayo ndiyo tunayotaka kuyatazama.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nafasi za juu na za kati katika utumishi wa serikali zilikuwa 4,452. Katika hizo, Waafrika walishika 1,170 tu. Chuo kikuu chetu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba ya mwaka huohuo, nacho kilianza na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Kungoja mpaka wenye shahada watoshe kusingewezekana, kwa kuwa serikali haifungwi kama duka siku ya hesabu. Basi nchi ikawatazama watu iliokuwa nao, yaani makarani, walimu, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika.

Rashidi Mfaume Kawawa alianza kama karani wa serikali. Akawa kiongozi katika chama cha watumishi wenzake, na mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Januari 1962 aliushika uwaziri mkuu, naye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hapa kwetu tunamkumbuka pia Bibi Titi Mohamed, ambaye wazee wake walitoka Rufiji, naye akawa mbunge wa Rufiji. Shule alisoma miaka michache tu. Kabla ya siasa alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma huko Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1955 aliwaingiza wanawake kwa maelfu katika TANU, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 yeye ndiye aliyeuongoza. Kwa upande mwingine yupo Edwin Mtei, aliyesoma Makerere, ambaye mwaka 1966 aliwekwa kuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu kabla hajatimiza miaka 35. Kazi ile ilihitaji mtu aliyesoma, wala isingeweza kufanywa kwa ufasaha wa kuhutubia peke yake.

Vijana wengine hupenda kutumia mifano ya Kawawa na Bibi Titi kama hoja ya kuacha shule. Husema, "Mbona wao hawakusoma chuo kikuu?" Tunawajibu hivi. Kwanza, Kawawa alisoma hadi sekondari wakati ambapo waliofika huko walikuwa wachache mno, hakuikataa elimu. Pili, watazameni hao wawili walijifunzia wapi kuongoza. Chama cha wafanyakazi ni mahali ambapo wanachama humwondoa kiongozi asiyewafaa. Kikundi cha ngoma nacho ni hivyohivyo: anayezijua ngoma za pwani anajua kwamba mwimbishaji akivunja heshima ya wenzake, au akila michango ya sare, mwezi ujao atajikuta anaimba peke yake. Mahali pote pawili mtu huongoza watu wanaoweza kumwacha. Neno hilo tutalirudia, kwa maana ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu letu.

Baadaye taifa lilijaribu kuviunganisha vitu hivi viwili kwa amri. Novemba 1974 chama kilikutana Musoma, na katika maazimio yake kiliamua kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Amalize kwanza jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, halafu apate barua za kumsifu kutoka kwa mwajiri na kutoka kwa chama. Nia ilikuwa njema kabisa. Ilitakiwa msomi ajue jasho la mkulima na mfanyakazi kabla hajapewa nguvu juu yao, asije akawa kama mgeni katika nchi yake.

Ikawaje? Wasichana waliofika chuo kikuu walipungua, kwa sababu miaka ile ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Haikupita muda mrefu wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 sharti likaondolewa kwa wote. Lakini kulikuwa na kasoro nyingine ambayo haionekani katika hesabu za wanafunzi. Kazi ilipogeuzwa kuwa sharti la kuingilia chuo, wako walioitafuta barua kuliko walivyoitafuta kazi. Miaka miwili ikawa cheti kingine. Mtu aliweza kukaa ofisini miaka hiyo miwili akipanga mafaili, asimuudhi mkubwa wake, na kuondoka na barua nzuri bila kujifunza jambo lolote juu ya watu.

Azimio hilohilo lilikuwa na upande mwingine, ambao sisi walimu hatutausahau. Liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote kufikia mwaka 1977, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana wa darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Walisoma kwa masomo ya redio, kwa vitabu vya posta, na kwa kutembelewa na wakufunzi. Watu waliwacheka wakawaita walimu wa "UPE". Tuliofundisha pamoja nao twajua kwamba wapo walioshindwa, tena wengi. Lakini wapo pia waliojiendeleza daraja kwa daraja, wakafanya mitihani ya kidato cha nne wakiwa na watoto mgongoni, na mwisho wakawa walimu wakuu ambao wazazi hawakutaka wahamishwe. Hao elimu na kazi vilikwenda pamoja, siku kwa siku: walichosoma usiku walikijaribu asubuhi, na kilichowashinda asubuhi walikitafuta kitabuni usiku.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Kwa waraka wa serikali, kuanzia tarehe 20 Mei 2004 hakutakiwa kuajiriwa mtumishi mpya wa umma ambaye hakumaliza kidato cha nne. Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 walikuwa wakitumia vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Katika uhakiki huo waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba, wakiwemo watendaji wa vijiji na madereva. Mwaka 2018 serikali iliamua kwamba walioajiriwa kabla ya ile tarehe ya 2004 warudishwe.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu waliyachanganya. Mwenye cheti cha kughushi alidanganya. Hata kama kazi yake ilikuwa nzuri, aliikalia nafasi ya mwingine kwa uongo, na anayedanganya ili aingie ni shida kumwamini akishaingia. Lakini yule wa darasa la saba ambaye hakumficha mtu alichosoma, akafanya kazi ya kijiji kwa miaka, hakumdanganya mtu. Huyo tulimwonea huruma, na tulikuwa na haki ya kumwonea huruma. Tukumbuke mwaka ule ulikuwa mwaka gani hapa kwetu. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa katika eneo hili la Kibiti na Rufiji, na kukubali kuitwa kiongozi kulikuwa ni kuiweka roho mkononi. Katika siku kama hizo cheo hakikuwa zawadi kwa yeyote.

Je, huruma hiyo ina maana kwamba shule haina kazi? Tuitazame delta yetu, kwa sababu ina mifano miwili ambayo ukiiweka pamoja hutoa somo zima.

Mfano wa kwanza ni wa mafuriko ya mwaka 1968. Baada ya maji yale serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni hadi maeneo ya juu. Walioipanga kazi ile walikuwa watu waliosoma, na hofu yao juu ya uhai wa watu ilikuwa ya kweli. Lakini mkulima wa Rufiji aliyajua mafuriko kwa namna nyingine. Kwake maji hayo ndiyo yaletayo udongo mpya. Mpunga hupandwa yakikaribia, na mazao mengine hupandwa yakipungua. Dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, limejengwa kwa ajili ya kukaa shambani na kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Kwa hiyo watu walihamia juu, lakini mashamba yalibaki bondeni, na msimu kwa msimu walirudi kwenye madungu yao. Mpango ulijua hatari ya maji na haukujua faida yake, kwa sababu waliopanga hawakuwahi kuishi kwa kutegemea mpunga ule.

Mfano wa pili ni wa juzi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, ng'ambo tu ya delta yetu, wakati mafuriko ya Aprili yalikuwa yamekwisha kuwatesa watu wa Rufiji na Kibiti. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema, na vyombo vikaonywa visitoke. Sasa mfikirieni nahodha wetu wa Salale au Mbwera. Alianza akiwa mtoto wa kufua maji ndani ya mashua, akawa mpishi, akawa baharia, na baada ya miaka mingi akakabidhiwa usukani. Anaijua milango ya mto, anajua bamvua itamfikisha wapi na maji mafu yatamkwamisha wapi, na mchanga ukihama atauona kwa rangi ya maji. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu maarifa hayo kwa mwaka mmoja. Lakini kimbunga cha namna ile hakimo katika kazi yake, wala hakimo katika kazi ya baba yake. Pwani yetu hupigwa na vimbunga kwa nadra mno. Kile cha Lindi kinachokumbukwa kilikuwa cha Aprili 1952. Uzoefu wa miaka arobaini hauwezi kumfundisha mtu jambo linalopita mara moja katika miaka sabini. Hapo aliyekuwa na manufaa ni yule aliyesoma hesabu za pepo na mawingu, na nahodha aliyekuwa salama ni yule aliyekubali kumsikiliza.

Ndugu wasomaji, iwekeni mifano hii miwili mizaniani. Kazi hutufundisha yale yanayorudi mara kwa mara mahali tulipo. Elimu hutufundisha yale tusiyoweza kuyaona kutoka pale tuliposimama, yaani ya mbali, ya nadra, na ya kesho. Mtu wa chini anaweza kuishi na moja kati ya hayo, kwa sababu juu yake yuko mwingine wa kuongeza lililopungua. Mkubwa wa kazi hana wa kumwongezea. Ndiyo maana kwake yeye kukosa kimoja ni hatari kubwa zaidi: akikosa elimu atawazamisha watu siku ya jambo geni, na akikosa kazi atawaumiza kila siku kwa mambo madogo asiyoyaona.

Katika vyuo vya ualimu tuliliona jambo hili kila mwaka wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliyeongoza katika mtihani wa saikolojia ya mtoto aliweza kusimama mbele ya darasa la tatu akashindwa kuwanyamazisha. Mwingine, aliyewahi kufundisha bila cheti miaka mitano, alilituliza darasa kwa jicho tu, lakini akafundisha sehemu za hesabu kwa makosa yaleyale aliyofundishwa yeye utotoni. Tuliowaona wakifika mbali baadaye hawakuwa lazima wale wa alama za juu, wala wale wa miaka mingi. Walikuwa wale ambao somo likiharibika hukaa chini wakauliza, "Watoto wale hawakuelewa wapi?" Mwalimu wa namna hiyo kila mwaka wa kazi humwongezea kitu. Asiyejiuliza hivyo, hata akikaa kazini miaka thelathini, miaka hiyo itampita kama maji yanavyoipita nguzo ya daraja.

Hapo ndipo tunaporudi kwa Kawawa na Bibi Titi. Uzoefu unaomfanya mtu kuwa mkubwa ni kuwahi kuulizwa juu ya kazi yako na watu inaowahusu, na kulazimika kujibu. Kukaa ofisini peke yake si uzoefu. Karani wa mizani ya korosho ambaye wakulima husimama mbele yake wakimtazama anaposoma uzito, muuguzi wa zahanati ya visiwani ambaye hana daktari wa kumsingizia, mweka hazina wa kikoba anayesoma hesabu mbele ya akina mama kila juma: hawa wanapata mafunzo ya ukurugenzi, ingawa hakuna anayeyaita hivyo.

Wako watakaosema, "Mwalimu, sisi twauliza juu ya haki. Mtoto wangu amesoma kwa taabu, tumeuza shamba, je, hastahili?" Na mwingine atasema, "Mimi nimeitumikia ofisi hii miaka ishirini na mitano, leo analetwa kijana kuwa mkubwa wangu; je, sistahili?" Twaelewa uchungu wa wote wawili. Lakini twawaomba watazame kwamba katika hoja zote mbili hakutajwa mgonjwa, wala mwanafunzi, wala mkulima. Wote wawili wanakitazama cheo kama malipo, mmoja malipo ya ada na mwingine malipo ya subira. Kwa miaka mingi nchi hii imefundishwa kwamba cheo ni dhamana, na dhamana ni mali ya wengine. Kwa hiyo swali la kwanza la haki liwe juu ya wale watakaokuwa chini ya cheo hicho: wao wanastahili kuongozwa na nani? Ukianzia hapo, ubishi wa cheti na kazi hupungua makali. Mgonjwa anastahili mganga mkuu aliyesoma, na pia anayejua dawa huishia wapi kabla ya kufika zahanati. Hawezi kuambiwa achague kimoja.

Aliyesomeshwa kwa taabu na aliyetumikia kwa subira wanastahili kitu pia, wala hatusemi waachwe. Wanastahili njia. Hapa tuna mambo matatu ya kusema.

Kwanza, mwenye kazi apelekewe shule. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilikusudiwa kwa watu wasioweza kuacha kazi. VETA nayo hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Milango hii ipo. Lakini fundi wa mashua wa visiwani huko delta, ambaye nauli ya kufika mjini ni mapato yake ya juma zima, ataufikiaje mlango huo? Mwajiri na halmashauri wana wajibu wa kuusogeza karibu, na sisi tuliostaafu tuna muda wa jioni wa kuwafundisha wanaotaka kurudia mtihani wa kidato cha nne.

Pili, mwenye shule apewe kazi yenye majibu. Kijana mwenye shahada asifichwe makao makuu akiandika taarifa za safari ambazo hakusafiri. Apelekwe Maparoni au Mfisini, akae huko msimu wa mvua, akabidhiwe jambo dogo ambalo likiharibika watu watamwuliza yeye kwa jina. Na wazazi wasimlilie wakidhani ametupwa. Hapo ndipo ukubwa wake unapoanzia.

Tatu, wanaochagua wakubwa waache kuhesabu miaka tu. Wamwulize mtu: ulipewa nini mkononi, ukakirudisha kikiwa katika hali gani? Kosa gani kubwa lilitokea chini yako, nani aliumia, nawe ulibadilisha nini? Waende kuwauliza na wale waliokuwa chini yake, siyo wale wa juu yake peke yao. Hata sisi tunapochagua mweka hazina wa mtaa wetu twaweza kuanza kufanya hivyo.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, usukani hushikwa na mmoja. Lakini huyo mmoja hafanywi nahodha na kofia, wala hafanywi na uzee. Vijana wa Kibiti na wa delta, someni kwa bidii mpaka pale mtakapofika, na kazi ndogo mtakayopewa ishikeni kana kwamba wenye mali wamesimama mbele yenu wakitazama. Ninyi wakubwa mliokwisha kukaa kitini, mtafuteni leo mtu mmoja chini yenu ambaye ana kazi bila shule, na mmoja ambaye ana shule bila kazi, mjiulize mmefanya nini ili kila mmoja apate kile alichopungukiwa.